Mama Mkwe Anasema Asante

Jumamosi, 14 Juni

Mabegi yamefungwa. Tecla amelala na viatu vipya miguuni, amekataa kuvuliwa. Mume wangu Dario anadhani tunakwenda kutembea. Namwacha adhani.

Nilimwambia hivi: mtoto amefunga shule, amekuwa mwema, na ile katuni ya vijiji vya pwani ameiangalia mpaka anayasema maneno kabla ya wenyewe kuyasema. Vijiji vyenyewe viko hapo tu, mwendo wa treni kutoka Genova. Watu wanapanda ndege kuja kuviona, sisi tunakaa Sampierdarena tunaangalia makontena. Dario akasema haya, twende, ila tusilale Portosello. Nikasema hata kidogo, tutalala Levanto, chumba nimeshapata.

Chumba sijapata. Sijatafuta. Ndiyo mpango wenyewe.

Portosello ndiko kwao. Mama yake, Armida, anakaa pale uwanjani karibu na bandari, ghorofa ya tatu, nyumba ya rangi ya waridi. Yeye na mwanawe hawajagombana. Afadhali wangegombana.

Ukuta wa nyumba ile, upande wa baharini, ulikuwa na dirisha la uongo. Kwetu Vercelli kwenye mashamba ya mpunga dirisha ni dirisha. Huku pwani ukuta ukiwa mtupu wanauchorea dirisha, na mabawa yake ya kijani na kivuli chake, ungeapa linafunguka. Baba mkwe wangu Geppin, Mungu amrehemu, alikuwa fundi rangi kama Dario. Mwaka aliooa alichora dirisha pale juu, na ndani yake akamchora mkewe anakung'uta kitambaa cha meza. Mimi nilipoolewa jua na chumvi vilikuwa vimeshamla. Niliona doa la buluu tu, na kila picha ya simu ya miaka hiyo ina doa hilohilo.

Geppin alipofariki, Dario akataka kumfurahisha mama yake. Mama yuko Chiavari kwa dada yake, mwana akafunga jukwaa kurekebisha ukuta. Lipu ilikuwa imeoza. Kuigusa tu ikaanguka, na dirisha, na mwanamke. Akapiga lipu mpya, akapaka waridi, laini kama ganda la yai. Mama akarudi, akasimama uwanjani na mkoba wake, akatazama juu. Akasema, asante, mwanangu, ni safi sana.

Tangu siku hiyo ni asante tu.

Mtu wa mbali atasema, si vizuri hivyo? Si vizuri. Huku kunung'unika ni haki ya mtu. Wanasimulia kuwa mabaharia wa zamani wa Genova walikubali mshahara mdogo mradi wameruhusiwa kunung'unika kazini. Wanalo hata neno lake kabisa, mugugno. Mama akikupenda atalalamika: umekonda, umenenepa, koti gani hilo, mbona hupigi simu, mbona umepiga watu wanakula. Anayeambiwa asante ni mtu wa posta. Dario akimaliza kuongea na mama yake kwenye simu huenda kusimama kwenye roshani peke yake, na mimi najifanya naosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Basi. Kesho tukifika Levanto nitajishika kichwa: chumba kimejaa, mtoto kachoka, twende wapi? Kwa bibi yake. Watakaa nyumba moja, watakanyagana jikoni, mama atanung'unika. Ndani ya siku chache mume wangu atakuwa na mama tena.

Sioni litakaloharibika.


Jumapili, 15 Juni

Limeharibika.

Nilijishika kichwa kama nilivyopanga, mlangoni mwa nyumba ya wageni ambayo hata jina sikulisoma. Nikasema Dario, jamani, kimejaa. Mwenye nyumba kumbe yuko nyuma yangu anamwagilia maua. Akasema hapana, mama, vipo viwili, karibuni. Nikasema vina unyevu. Akauliza nimeviona lini. Nikasema unyevu mtu anausikia. Yule mama akaweka kopo chini, akamuuliza Dario kwa sauti ya chini kama nimepigwa na jua.

Nilidhani hapo ndipo Dario atasema twende kwa mama. Akampigia dada yake simu.

Kwa hiyo tuko Portosello, ila kwa wifi yangu Loredana, kilimani nyuma ya stesheni. Loredana anatembeza wageni wa ile katuni. Ana bendera ya manjano, kofia yenye mapezi, na mashuka yenye samaki wanaocheka. Amenipokea vizuri. Ameniambia, karibu wifi, naona umekuja na nywele za safari. Amesema pia kwamba katika katuni nzima hakuna jiwe asilolijua liko kijiji gani.

Tecla akamuuliza nyumba ya Bi Makombo iko wapi. Huyo ni yule dada wa kwenye katuni anayekung'uta kitambaa dirishani, chembe za mkate zinadondoka na shakwe wanakuja kwa mamia. Mwanangu anampenda kuliko wote. Mimi katuni hii naiona vipande vipande, naikaanga pamoja na vitunguu. Dario hajawahi kuiona. Mwaka jana nilimkalisha, zilipotokea nyumba za rangi akainuka akasema macho yanamuuma.

Loredana akasema Manarola, bila shaka yoyote, ndiko anakowaonyesha wageni wake. Tecla akasema shangazi, si kweli. Nilimkanya. Moyoni nilimbusu.

Mama mkwe alipanda kutusalimu. Loredana alinung'unikiwa kuanzia mlangoni: ngazi hizi zitamuua, nani kaweka hizi kofia mezani, watoto wa watu wanakula wapi humu, masanduku ya magurudumu ya wageni wako hayajaniacha kulala mchana. Loredana anajibu ndiyo Mama, ndiyo Mama, huku anakata salami. Dario amekaa pembeni anasikiliza kama mtu mwenye njaa anayeangalia wenzake wakila.

Kisha Mama akamgeukia. Akasema, asante kwa kuja, Dario.


Jumatatu, 16 Juni

Nimelala juu ya samaki wanaocheka nikawaza. Nimeona kosa liko wapi. Mama hana la kunung'unikia. Dario hakosei, mimi namnyamazia, mtoto ni malaika. Lazima apewe kitu kibaya.

Nikaomba kupika chakula cha mchana kwake. Pesto, mchuzi wa rihani wa huku. Nikaisaga kwa blenda, sikugusa kinu. Nikatia kokwa za jozi badala ya mbegu za msonobari. Kitunguu saumu nilitia cha kufukuza mbu. Tambi nikazivunja katikati mbele ya macho yake, zinalia kama vijiti, nikazichemsha mpaka zikashikana mikono. Juu nikamwaga krimu. Mimi nauza mkate, mtu wa chakula, sijawahi kufanya ukatili kama ule.

Nikamwambia, Mama, hii amenifundisha Dario. Ili lawama ziende panapohusika.

Armida akachukua uma. Ni mwanamke mdogo sana, akikaa miguu haifiki chini. Akala. Akala yote. Akafuta mdomo, akamwangalia mwanawe, akasema, asante, ilikuwa nzuri sana.

Dario akawa mweupe. Tecla hakugusa, alisema inanuka dawa. Bibi yake akamkatia mkate na jibini.

Njiani kurudi Dario akaniuliza kwa nini nilisema ni yeye aliyenifundisha. Nikasema nilitaka asifiwe. Akasimama karibu na bomba la uwanjani. Akasema, Nives, mama yangu aliwahi kumrudishia mwenye mgahawa sahani mara tatu kwa sababu ya majani ya rihani kuwa makubwa. Leo kala ule uji kasema asante. Unajua maana yake? Maana yake hata nikimpa sumu atashukuru.

Nikamshika mkono. Alikuwa na kovu la chokaa kidoleni, nikalishikashika.


Jumanne, 17 Juni

Mpango wa leo ulikuwa rahisi na sioni ningeuboreshaje. Twende wote na treni mpaka Riomaggiore, Armida pia, kwa ajili ya mjukuu. Treni ikisimama Corniglia nimshike Tecla mkono, tushuke haraka, milango ifunge. Mama na mwana wabaki wawili peke yao, kiti kwa kiti. Corniglia hakuna mtu anayeshuka kwa hiari, ngazi zake mpaka kijijini zinawatoa watu machozi.

Treni ilijaa wageni na mabegi ya mgongoni. Corniglia. Nikanyoosha mkono nyuma, nikashika kamkono kadogo, nikavuta kwa nguvu zote, nikasukuma watu, nikaruka. Milango ikafunga. Nikageuka kusema, umefanya vizuri mwanangu.

Nilikuwa nimemshika mama mkwe.

Dirishani nikamwona Tecla amebebwa na baba yake, anatupungia. Treni ikaingia kwenye handaki.

Armida akanyoosha sketi yake. Akasema, asante, Nives, kulikuwa na joto mle ndani.

Tukakaa kwenye benchi la stesheni. Akaniuliza habari za duka, kama chachu inasumbua kwenye joto. Akaniuliza mama yangu hajambo. Adabu tupu. Ningependa anipige na mkoba. Mwishowe nikaona liwalo na liwe, nikamuuliza habari za dirisha.

Treni ya upande wa pili ikapita. Kisha akasema nisimwambie Dario. Nikaahidi. Naandika hapa tu.

Akasema, kila asubuhi nilikuwa nikitoka kununua mkate, nikifika uwanjani nainua macho, namwona yule msichana. Nywele zake zote ziko kichwani. Hata alipofifia mimi nilikuwa namwona. Geppin alipokuwa mgonjwa alikuwa akiniuliza, umeamkia wapi leo, juu au chini? Namwambia juu. Sasa natoka na mkate, nainua macho, ukuta ni safi.

Nikamwambia, basi Mama mnung'unikie. Mwambie. Yeye anasubiri hilo tu.

Akasema, nimnung'unikie nini? Shati halikupigwa pasi unanung'unika, linapigwa. Lile lilishaanguka chini likawa vumbi. Nikimfungulia mdomo nitamwambia, na nikimwambia atalia, na mimi sitaki mwanangu alie kwa sababu yangu. Asante haimuumizi mtu.

Nilitaka kumwambia inavyomuumiza. Nikalia mimi. Akanipa leso yake, imepigwa pasi, ina harufu ya sabuni ya kipande.

Treni iliyofuata tulisimama njia nzima. Dario na Tecla tuliwakuta Manarola, kituo kinachofuata, wamekula dagaa wa kukaanga, midomo inang'aa. Tecla alikuwa amezunguka kuta zote. Bi Makombo hayupo Manarola. Nitampa Loredana habari hizo mwenyewe.


Jumatano, 18 Juni

Kilichoanguka kinaweza kuchorwa upya. Sijui kwa nini nimechukua muda mrefu kuliona hili. Dario hathubutu, anasema hakumbuki sura, na akiikosea itakuwa kumuua mama mara ya pili. Basi nichore mimi. Kidogo tu, mfano tu, wauone waanze kuongea.

Nilichukua chaki za Loredana, zile anazoandikia saa za matembezi. Nikachukua na ngazi yake. Haikufika ghorofa ya tatu, ilifika juu kidogo ya mlango. Nikaona si kitu, dirisha ni dirisha. Dario alikuwa ameenda kuogelea. Tecla alinishikia ngazi.

Nilichora mabawa ya dirisha. Nilichora mwanamke. Kitambaa nilikichora kikubwa ili kionekane. Mikono ndiyo iliyonishinda, ikatoka kama pembe.

Tecla akasema, Mama, Bi Makombo hayuko hivyo. Nikamwambia huyu si Bi Makombo, huyu ni Bibi. Akasema, lakini nyumba yake ni hii. Lile tao pale ni lilelile, na bomba la mvua lililopinda ni lilelile, na pete ya kufungia mashua. Alikuwa anakaa pale juu. Wamemfuta tu.

Nilishuka mbio nikamziba mdomo na kipande cha mkate wa focaccia. Wamemfuta. Neno kama hilo, na baba yake anaweza kutokea wakati wowote. Nikamwambia asilirudie, wala kwa baba, wala kwa bibi. Watoto wakichoka wanaona mambo. Akatafuna, akaniangalia na yale macho ya baba yake, akasema sijachoka.

Hapo akatokea Ezio, askari wa manispaa, mtu mpole mwenye masharubu. Akaniuliza nina kibali? Nikasema ni chaki. Akasema signora, hapa hata kijani cha mabawa ya dirisha kina namba yake ofisini, mimi mwenyewe nilizuiwa kupaka mlango wangu rangi niipendayo. Alipotazama ukuta akavua kofia, akauliza taratibu, huyo mbuzi ni wa nini?

Watu wakasimama. Loredana akapita na kundi lake na bendera yake. Akawaambia wageni kwamba hili halimo kwenye katuni. Kisha akasema, wifi, ngazi yangu ukimaliza.

Armida akatoka kwenye mlango uleule, chini ya mbuzi. Akatazama juu. Nilikuwa nimesimama na chaki mkononi kama mtoto wa darasa la kwanza. Moyoni ninasema, nung'unika Mama, tafadhali, nitukane, mimi mkweo nimekuchora mapembe.

Akasema, asante, Nives.

Kwa hiyo na mimi nimeingia kwenye kundi la kuambiwa asante. Nimefuta ukuta kwa kitambaa chenye maji mpaka mkono ukafa ganzi. Dario aliporudi alikuta unyevu tu. Nikamwambia ni mvua. Hakukuwa na wingu.


Alhamisi, 19 Juni

Leo mvua imekuja ya kweli.

Kila Alhamisi Loredana huwaonyesha wageni katuni uwanjani kwenye shuka kubwa. Kwa sababu ya mvua padri akampa ukumbi wa kanisa, saa kumi za jioni. Nikaona huo ndio mlango wangu wa mwisho, kesho kutwa tunaondoka. Nikapanga hivi: wakae wote wawili mstari mmoja, mimi katikati. Katuni ikikolea, nizimie. Nianguke kwa mbele. Nikiondoka katikati wanabaki wamekaribiana, wote watainama kunisaidia, mikono yao itagusana juu yangu. Mtu hawezi kumwambia mwenzake asante juu ya mgonjwa.

Kumleta mama mkwe ndiyo kazi niliyoiogopa, maana katuni hataki hata kuisikia, anasema imemletea masanduku ya magurudumu chini ya kitanda. Nilikuwa nimetunga uongo mrefu wenye padri na shangazi mgonjwa ndani yake. Kabla sijaanza, Tecla alimshika mkono, akamwambia Bibi, njoo tuangalie. Armida akachukua mtandio.

Dario alikuja kwa sababu nilimwambia nasikia kizunguzungu. Hiyo ilikuwa maandalizi.

Tukakaa. Armida, mimi, Dario, Tecla mapajani kwa baba yake. Nyumba za rangi zikatokea kwenye shuka. Dario akainamisha kichwa akaangalia viatu vyake. Nikangoja. Muziki ukapanda, shakwe wakaanza kulia. Nikaona ndiyo sasa. Nikatoa sauti ndogo, nikaachia mwili.

Vigae vya kanisa ni baridi sana. Nilianguka vizuri, ubavuni, mkono juu ya paji la uso. Nikafumba macho, nikangoja mikono.

Haikuja.

Nikaguna kidogo. Hakuna. Tecla akanikanyaga kwenye nyonga, akaninong'oneza sikioni, Mama inuka, unamkosa Bi Makombo. Nikabana macho zaidi. Kisha nikasikia kiti cha Armida kinalia, kama mtu amesimama kwa ghafla.

Kwenye shuka shakwe bado wanalia.

Halafu ile sauti. Ilitoka chini kabisa, imekauka, kama mlango wa stoo.

Akasema, pua.

Akasema, pua gani hiyo. Mimi nilikuwa na pua ile? Geppin hakunipa pua ile. Na kitambaa kilikuwa cha mistari ya buluu, hawa wamekifanya cheupe, cheupe nani anakung'utia barabarani? Nikasikia pumzi ya Dario, imekatika. Mama anaendelea, hawajui hata kushika kitambaa, ona vidole. Hawa ndio wale waliokaa benchi langu wiki nzima na penseli zao, dirisha bado halijafifia, watu wa mbali, hawali vizuri, Geppin akawa anawapelekea divai, nikamwambia divai yetu unawapa watu wanaochora bomba la mvua. Kumbe walikuwa wananichora mimi. Na wewe Dario umekaa tu hapo. Mwambie dada yako aisimamishe hiyo picha. Isimamishe hapo hapo. Loredana, unasikia? Una kofia masikioni?

Dario akasema, Mama. Hilo tu.

Akamjibu, Mama nini? Pua sasa umeiona ilivyo mbaya, basi usije ukaichora hivyo. Ulipaka ukuta wote ule na hukuniuliza. Hukuniuliza, Dario. Ningekuja hata na treni ya maziwa ya alfajiri. Ningekaa chini ya jukwaa lako ningemshika alipokuwa anaanguka.

Sijui alisema nini baada ya hapo, kwa sababu alikuwa analia, na Dario analia, na wageni wa Loredana wengine wakaanza kulia bila kuelewa neno. Nilifungua jicho moja. Niliona viatu tu. Viatu vya kazi vya mume wangu vyenye madoa ya waridi, na viatu vidogo vyeusi vya mama mkwe vimesimama juu yake, maana bila hivyo hamfikii shingoni.

Nikabaki palepale chini. Niliona aibu kuinuka.


Ijumaa, 20 Juni

Siku ya maneno. Loredana ameisimamisha picha kwenye kompyuta yake, na Dario amechora tangu asubuhi mezani kwa mama yake. Mama amekaa karibu yake, haachi. Paji pana mno. Hilo sikio au kiazi. Penseli hiyo umeinunua wapi, baba yako asingekorogea nayo kahawa. Umekonda. Unakula nini huko Genova, makontena? Dario anafuta, anachora, anasema ndiyo Mama. Mgongo wake umenyooka. Sijamwona amekaa hivyo siku nyingi.

Ezio alikuja kueleza habari za kibali cha manispaa. Armida alimwambia mume wake alichora ukuta ule Ezio akiwa bado anakojoa kitandani. Ezio akavua kofia akasema atajaribu kuharakisha, huenda Septemba.

Loredana amewaambia wageni wake wa leo kwamba Bi Makombo ni mama yake mzazi, na kwamba yeye alijua siku zote. Nimewapa dakika chache kisha nikasema, si alikuwa Manarola?

Na mimi nimepata sehemu yangu. Nilikuwa naosha nyanya. Armida akaja nyuma yangu akasema, na wewe, ule uchafu wa Jumatatu. Krimu. Ulitia krimu. Nilikunywa maji usiku kucha. Na juzi ukanichora mbuzi mlangoni kwangu, nikaja kuulizwa na mwenye duka la samaki kama tunafuga.

Nyanya zote zilidondoka kwenye sinki. Nilimkumbatia na mikono yenye maji. Akasema nimemlowesha.


Jumamosi, 21 Juni

Nyumbani. Tecla amelala, ameshikilia mchoro wa bibi yake aliopewa na baba. Huu ni ule wa sikio la kiazi.

Nikikaa nikaangalia nyuma naona wazi kilichofanya kazi. Ni kuzimia. Kama nisingeanguka, pasingekuwa na nafasi katikati yao. Sikumwambia Dario hivyo, mtu asijisifu. Yeye kaniambia kwenye treni, Nives, siku nyingine ukiwa na jambo niambie tu. Nikamwahidi. Alikuwa ameegemea begani kwangu, angeniomba lolote.

Kuna jambo moja tu linanisumbua. Septemba Dario anarudi kuchora dirisha, na ningependa tuwe pamoja wote, tulale kwa mama yake safari hii, si kwenye wale samaki. Lakini Armida hajatukaribisha. Nimekumbuka maneno yake yote ya leo stesheni, hakuna karibuni hata moja. Alilalamika tu. Alisema mashuka ya chumba cha nyuma itabidi ayaanike, kwa mgongo wake huu. Kwamba kile kitanda kinalia na sijui nani atakikaza. Kwamba Tecla akikaa mwezi mzima jamu ya aprikoti itaisha na ametengeneza mitungi michache. Kwamba mimi jikoni nisiguse blenda. Treni ilipoondoka alikuwa bado anasema.

Sitaki kumlazimisha mtu. Kwa hiyo nimeshafikiria. Tutashuka Levanto kama safari ile, nitajishika kichwa, nitasema chumba kimejaa. Mwenye nyumba akiwa mlangoni, nitazimia.

Nimejaribu hapa jikoni sasa hivi. Dario ameita kutoka chumbani, anauliza nimeangusha nini.